Maswali ya wasomaji: "in", "on", "at" na vineno vingine vya Kiingereza vinavyotusumbua

Mwezi huu barua na meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza mambo yaleyale, vihusishi vya Kiingereza vya wakati na mahali, yaani in, on, at, by, since na wenzao. Nimefurahi kwa kweli maana hivi vineno ndo vinamwangusha mtu ambaye Kiingereza chake kingine kiko vizuri kabisa, anaandika barua nzuri ya kuomba kazi halafu anakwama kwenye kaneno ka herufi mbili. Majina nimeyaacha kama wengi mlivyoomba.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mi niko kidato cha nne huku Singida. Ticha alitufundisha "in" ni ya muda mrefu, "on" ya siku, "at" ya saa. Nimekariri vizuri tu lakini kwenye mtihani wa majaribio nimeandika "we sleep in the night" na "on Christmas" nikakosa zote mbili. Sasa nishike lipi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mshike ticha wako, hiyo kanuni ni nzuri na itakubeba mbali. Chukua uhuru wa Tanganyika, tukio moja tu. Ukitaja mwaka unasema "in 1961", ukitaja mwezi "in December 1961", ukitaja siku "on 9 December 1961", na ile saa bendera ya mkoloni iliposhushwa ni "at midnight". Umeona tukio halijabadilika, kilichobadilika ni ukubwa wa muda ulioutaja.

Sasa panapochanganya ni sehemu za siku. Tunasema "in the morning", "in the afternoon", "in the evening", sawa, ila ukishataja na siku yenyewe basi siku ndo inatawala na "in" inaondoka, inakuwa "on Sunday morning", au ukiandika insha ya Mapinduzi ya Zanzibar unasema "on the morning of 12 January 1964". Hapa nakuomba uwe makini sana kwa sababu "in Sunday morning" naiona kwenye insha za wanafunzi kila muhula, hata wale wazuri.

Usiku ni "at night", hiyo ilishazoeleka hivyo, ishike kama ilivyo. "In the night" nayo ipo ila kazi yake ni nyingine, unaitumia kwa kitu kilichotokea katikati ya usiku fulani, mfano "I woke up twice in the night", niliamka mara mbili usiku huo. Wewe ulikuwa unaongelea mazoea ya kila siku ndo maana umekosa. Krismasi: "at Christmas" ni kipindi chote kile cha sikukuu, "on Christmas Day" ni tarehe 25 yenyewe. Pasaka vilevile, "at Easter" lakini "on Easter Monday". Wikiendi Waingereza wanasema "at the weekend", Wamarekani "on the weekend", na kwa mtihani wa huku wewe andika ya Waingereza.

Na kuna sehemu hazitaki kihusishi kabisa. Ukiona next, last, this au every, usiweke kitu mbele yake. "I will see you next Monday", siyo "on next Monday". Kesho kutwa ni "the day after tomorrow", nayo inasimama peke yake.

Swali: Habari za kazi mwalimu. Nipo ofisi ya kutoa mizigo hapa Dar. Nilimwandikia mteja wa nje "I will send the documents until Friday", akajibu kwamba hajaelewa, kwani nyaraka zinatumwa kila siku mpaka Ijumaa? Bosi kasema kosa ni langu. Lakini si ndo tunavyosema, mpaka Ijumaa ntakuwa nimekutumia?

Jibu: Dada yangu, kwa Kiswahili uko sawa asilimia mia, tatizo ni kwamba "mpaka" yetu, na "hadi" pia, inafanya kazi mbili ambazo Kiingereza kimezigawa kwa watu wawili. Sikiliza hizi sentensi mbili. "Duka liko wazi mpaka saa mbili usiku." "Niletee hiyo hela mpaka Ijumaa." Kwenye ya kwanza uwazi wa duka unaendelea bila kukatika hadi saa mbili, hiyo ni "until". Kwenye ya pili hela inaletwa mara moja tu, iwe Jumatano, iwe Alhamisi, ilimradi Ijumaa isipite, hiyo ni "by". Kwahiyo ukiwa unaandika jiulize, hapa naweza kuongeza "muda wote"? Duka liko wazi muda wote mpaka saa mbili, inakubali, weka until. Ukiona inayokubali ni "isizidi", yaani niletee hela isizidi Ijumaa, weka by. Vitenzi kama wait, stay, keep, work, sleep vinapenda until kwa sababu ni vya kuendelea. Send, finish, pay, submit, arrive vinaenda na by kwa sababu kitu kinafanyika kikaisha.

Wewe ulitakiwa kuandika "I will send the documents by Friday". Kwa kazi yako haya mambo ni hela kabisa, maana unaweza kukutana nazo zote mbili ukurasa mmoja: "The goods will be kept until 30 June" na "The goods must be collected by 30 June". Ya kwanza mzigo unakaa ghalani muda wote hadi tarehe hiyo, ya pili mteja aje auchukue siku yoyote kabla tarehe haijapita. Ukizibadilisha nafasi mtu analipa gharama za kuhifadhi ambazo hakuzitegemea.

Halafu ukikanusha inageuka, angalia hii. "I won't send the documents until Friday" maana yake sitatuma kabla ya Ijumaa, Ijumaa ndo ntatuma. Hiyo ni sahihi ila ni ujumbe mwingine kabisa.

Na kwa kuwa uko kwenye mambo ya ahadi kwa wateja nikuongezee moja ambayo hukuiuliza. "In two weeks" watu wengi wanadhani ni ndani ya wiki mbili kwa sababu tumefundishwa in ni ndani. Mteja akiambiwa "your container will arrive in two weeks" anahesabu kuanzia leo, wiki mbili zikiisha anategemea kontena. Ukitaka kusema siku yoyote kabla wiki mbili hazijaisha andika "within two weeks". "After two weeks" iweke kwenye kusimulia yaliyopita, "after two weeks he came back".

Swali: Mwalimu hujambo, mimi ni mama wa watoto watatu hapa Mombasa. Mtoto wa darasa la tano anabishana na dada yake, huyu anasema "in the bus" huyu anasema "on the bus". Wakinigeukia mimi nakosa la kuwaambia.

Jibu: Sijambo mama. Waambie hivi: chombo ambacho mtu anaweza kusimama akatembea ndani yake, kinabeba abiria kwa njia yake maalum, ni "on". On the bus, on the train, on the plane, na pale kwenu on the ferry kila mnapovuka Likoni. Chombo ambacho unaingia kwa kuinama ukakaa ndo basi, ni "in". In a car, in a taxi, in a tuktuk. Na kile unachokikalia kwa juu miguu huku na huku kinarudi kuwa "on", on a bodaboda, on a bicycle, on a donkey. Kwa hiyo anayesema "on the bus" ndo atumie hivyohivyo shuleni. "In the bus" utaisikia pale mtu anaposisitiza ndani kulivyo, kwamba "it was very hot in the bus", hapo haina shida.

Matatu ndo iko katikati, zile za watu kumi na wanne unaingia umeinama lakini ni usafiri wa abiria, kwahiyo utasikia on na in zote na mtoto asiadhibiwe kwa yoyote.

Kupanda na kushuka vinafuata mkondo huohuo. Vile vya on ni "get on" na "get off", vile vya in ni "get into" na "get out of". Sisi tunapanda vyote, basi, gari, boda, ndege, na tunashuka vyote, ndo maana watoto wanasema "climb the bus" au "get down from the bus", warekebishe taratibu tu. Ukitaja namna ya kusafiri bila kutaja chombo fulani ni "by bus", "by ferry", bila a wala the, isipokuwa miguu, ambayo ni "on foot".

Swali: Assalaam alaykum ustadh. Nipo Muscat, kazini tunaongea Kiingereza na watu wa mataifa mengi. Mimi nasema "I am here since two years" na wengi hapa wanasema hivyohivyo, ila meneja mpya ananirekebisha kila mara.

Jibu: Waalaykum salaam ndugu yangu. Meneja ana haki. "Since" inataka mahali pa kuanzia, siku, mwezi, mwaka au tukio: since 2019, since Ramadan, since I came from Zanzibar. Urefu wa muda unachukua "for": for two years, for six months. Ukifikiria kwa Kiswahili, since ni tangu na for ni kwa muda wa, na wewe hata siku moja hutasema "niko hapa tangu miaka miwili" ukaona imekaa sawa. Halafu kitenzi nacho kibadilike, badala ya "I am here" sema "I have been here for two years", kwa sababu Kiingereza kinataka uonyeshe kwamba ulianza zamani na bado upo. Ukishaondoka Muscat utasema "I was there for two years", na safari ya kwenda utaitaja kwa "ago", "I went there five years ago".

Swali: Habari mwalimu, niko chuo hapa Morogoro, nasomea ualimu. Kiswahili kina "-ni" moja kwa kila mahali, mezani, kabatini, mlangoni, mtini. Kwanini Kiingereza kinataka vitatu, na ntamwelezaje mwanafunzi achague kipi?

Jibu: Swali lako nimelisoma kwa raha kwa sababu mwalimu anayeuliza hivi atawasaidia watoto wengi. Kwanza usiwaambie wanafunzi kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Hiyo -ni inaonekana moja lakini ifuatilie kwenye sentensi uone: mezani pana kitabu, mjini kuna watu wengi, kabatini mna nguo. Pa, ku, mu. Wazee wa Pwani wanazitofautisha bila kufikiri, sisi wengine siku hizi tumeweka "kuna" kila mahali ndo maana hisia imepotea. Lakini ile "mo" bado inaweza kukusaidia darasani, maana nguo zimo kabatini, maji yamo mtungini, hela imo mfukoni, zote hizo ni "in" bila kubabaika. Kipo na kiko hazikusaidii hivyo, maana yuko Mwanza ni "in Mwanza" na yuko stendi ni "at the bus stand".

Pili, sisi kazi kubwa tumempa kitenzi. Yuko shuleni, anaenda shuleni, anatoka shuleni. Neno shuleni halijabadilika hata herufi moja, kitenzi ndo kimebeba kila kitu. Kiingereza kinaweka kwenye kihusishi, at school, to school, from school. Kwahiyo mwanafunzi akikutana na -ni asitafute tafsiri ya -ni, haipo, aangalie kitenzi kinasema nini na kitu kimekaaje.

Kimekaaje ndo mzizi wa yote. Kimezungukwa? In. Kimegusana na uso wa kitu? On. Ni sehemu tu ya kukutania au kufanyia jambo? At. Na hapa kuna kosa moja ambalo sisi walimu wenyewe tunalipandikiza, tunawaambia watoto "on" ni juu. Siyo juu, ni kugusana. Mwambie mwanafunzi aangalie mjusi pale darini, kichwa chini miguu juu, yuko upande wa chini wa dari kabisa, na Kiingereza kinasema "on the ceiling" kwa sababu miguu yake imeshikamana nayo. Panya anayekimbia usiku mle ndani ya dari ndo yuko "in the ceiling". Picha iko "on the wall" ingawa haiko juu ya ukuta, na msumari uliozama umebaki kichwa tu ni "in the wall".

Chukua mlango. Mtu anabisha hodi, "there is someone at the door". Tangazo limebandikwa, "there is a notice on the door". Ufunguo umeachwa kwenye kitasa, "the key is in the door". Sisi zote tunasema mlangoni na tunaelewana. Au mti: ndege amezungukwa na majani na matawi, "the bird is in the tree", lakini embe limeshikwa na kikonyo chake, "the mango is on the tree", na mtu anayekusubiri pale chini kwenye kivuli, akikuambia kwa simu tukutane mtini, ni "at the tree". Bahari nayo nzuri kwa wanafunzi wa Pwani, anayeogelea yuko "in the sea", baharia aliye safarini yuko "at sea" bila the, na nyumba iliyo ufukweni iko "by the sea".

Ukiwapa vitu vya hivi wanavyoviona kwa macho wataviweza haraka kuliko jedwali. Waache wenyewe wabishane kuhusu kitanda, nani yuko "in bed" na nini kiko "on the bed", aliyejifunika shuka amelala au nguo zilizotandazwa. Juani, kivulini na mvuani zote ni "in", kwa sababu jua, kivuli na mvua vinakuzunguka.

Swali: Mwalimu mimi niko Marekani, nafanya zamu ya usiku. Nilijaza fomu ya kazini kwamba nilianza kuumwa "at eight at night", nilimaanisha saa nane usiku. Wakaniambia saa hiyo sikuwa hata nimeingia kazini. Niliandikaje?

Jibu: Pole sana kaka, natumaini umepona. Ulitakiwa kuandika "at two in the morning". Hapa kuna mambo mawili. La kwanza ni yale masaa sita tunayopishana, sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza wao wanaanza katikati ya usiku, hilo unalijua. La pili ndo linawaponyoka hata walioishi huko miaka mingi, kwamba ukishavuka saa sita usiku wao wanaita morning japo nje ni giza totoro na watu wamelala. Saa tano usiku ni "eleven at night", ila saa saba ni "one in the morning", saa nane "two in the morning", saa tisa "three in the morning". Mchana pia, saa kumi sisi tunasema jioni, wao ni "four in the afternoon".

Na siku inafuata hukohuko. Usiku wa kuamkia Jumapili kabla ya saa sita ni "on Saturday night", lakini hiyo saa nane yako tayari ni "on Sunday morning". Kama umelelewa Pwani ongeza umakini, maana kule usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa, Kiingereza ni "on Thursday night". Kwenye fomu yoyote ya hospitali, kazi au polisi andika tarehe na a.m. au p.m. na usiache nafasi ya mtu kukisia.

Na haya mafupi mafupi.

Msomaji wa Bukoba kauliza kuhusu "I reached at home". Reach haitaki kitu, "I reached Bukoba", "I reached home". Arrive ndo inataka, "arrive in" kwa mji au nchi, "arrive at" kwa stendi, uwanja, ofisi. "Arrive to" hakuna. Home haitaki "to" wala "at" mbele yake kwenye go, come na arrive, "I arrived home late".

Wa Pemba kauliza, "in Pemba" au "on Pemba"? Zote, inategemea unapaonaje. Ukiongelea watu, serikali, maisha, "in Pemba", "in Zanzibar". Ukiongelea kisiwa kama ardhi iliyo katikati ya maji, "on Pemba", na ukitaja neno island lenyewe ni on bila mjadala, "on Mafia Island".

Wa Kisumu anauliza "juu ya". Taa inayoning'inia mezani bila kugusa ni "above the table" au "over the table", kitambaa kilicholala mezani ni "on the table". Ndege inapita "over the lake". Na ile juu ya ya "alizungumza juu ya elimu" ni "about", halafu ikiwa kitenzi ni discuss usiweke hata hiyo about, "they discussed education".

Wa mwisho yuko Kampala, anataka tofauti ya "on time" na "in time". Mkutano umepangwa saa nne kamili na umeanza saa nne kamili, umeanza "on time". Umefika stendi basi bado halijaondoka, zimebaki dakika chache ukapata hata nafasi ya kununua maji, umefika "in time", yaani wakati bado upo. Aliyefika basi linakata kona pale mbele hayupo kwenye zote mbili, huyo "was late".